Mpambaji Anajibu: Hiyo Sebule Mmemwekea Nani?

Mwezi uliopita jarida hili liliwaomba wasomaji mniulize lolote kuhusu kazi yangu ya kupamba nyumba: ninapenda nini, ninachukia nini, mawazo nayatoa wapi. Nilitegemea maswali kumi. Nimeletewa bahasha imevimba, na simu ya mhariri nayo ilijaa ujumbe. Wengi mmeuliza bei. Bei nimeziacha, maana nikiandika leo, jarida likifika mikononi mwenu fundi atakuwa ameshapandisha. Mengine nimeyafupisha. Majina sikuyaweka, kwa sababu baadhi yenu mmenisimulia mambo ya chumbani, na mama mkwe naye husoma jarida.

“Kazi zako nazifuatilia. Naona mikeka, naona mbao nzito, naona kuta tupu. Hiyo staili inaitwaje na umeitoa wapi?” (Msomaji, Kinondoni)

Haina jina, mpendwa. Wateja huniambia “ya Kiswahili”, nami huitikia tu ili kazi iendelee, ila neno hilo siku hizi linanitia wasiwasi. Limekuwa na maana ya mlango wa kuchonga uliolazwa chali, ukawekewa kioo juu, ukaitwa meza. Pembeni inaning'inia chemli ambayo haijawahi kuonja mafuta ya taa. Mlango ule ulichongwa usimame, watu wapite. Kuulaza na kuuwekea vikombe vya kahawa naona kama kumlaza mzee sakafuni ili mpige naye picha.

Nilichonacho nimekitoa kwa bibi yangu mzaa mama, Ngamiani, Tanga. Ilikuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, mlango wa mbele ukitazamana na mlango wa uani. Sakafu ya saruji nyekundu, iliyosuguliwa hadi unajiona meno. Nyumba ile haikuwa na sebule, na hilo nililigundua nikiwa mtu mzima kabisa. Mgeni alikaa barazani. Akiwa mtu wa karibu aliingia ukumbini. Akiwa ndugu alipita moja kwa moja hadi uani, akasogezewa mbuzi akune nazi. Hakuna aliyeelekezwa pa kukaa.

Vitu vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa kizito: kitanda cha besera, sanduku la mbao lenye njumu za shaba, meza moja ya mvule ambayo mpaka leo haijatikisika mguu. Vingine vyote vilikuwa vya kukunja. Mchana ukumbi mtupu, upepo unapita kutoka barabarani hadi uani. Usiku mikeka inatandikwa, na wajukuu saba tumelala kama dagaa. Ukiniuliza ninavyopamba, jibu ndilo hilo: vizito vichache, vyepesi vya kukunjika, na upepo uachiwe njia yake.

“Ulijifunzia wapi kazi hii? Na kosa gani lilikufundisha zaidi kuliko shule?” (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Nilianza na mapazia. Miaka sita nilikaa na cherehani kwenye fremu ya shangazi yangu Kariakoo nikipiga marinda, na mtaa ule mpaka leo naitwa Dada Mapazia. Kushona mapazia kunakufungulia milango ya watu. Unapanda ngazi kupima dirisha, na ukishakuwa kule juu wenyeji wanasahau kwamba upo. Sebule nyingi za mji huu nimeziona kutoka juu ya ngazi. Nimeona makochi yenye nailoni ya dukani mwaka wa tatu, mtoto akikaa anafokewa. Nimeona kabati la vyombo lililofungwa kwa ufunguo, vikombe vya maua vimepangwa kama askari, na watoto wa nyumba hiyohiyo wanakunywa uji kwenye vikombe vya plastiki. Baadaye ndipo nikaenda kusoma stashahada ya ubunifu wa ndani. Nikajua kuchora, nikajua vipimo. Kichwa nacho kikavimba.

Sasa kosa. Mwaka 2014 nilipewa nyumba moja Mbezi, familia nzuri, pesa haikuwa tatizo. Nilifanya kila kitu nilichokuwa nimekitamani kwenye picha. Marumaru nyeupe zinazong'aa, kochi la L la rangi ya kijivu, meza ya kioo, dari ya jipsamu yenye ngazi tatu na taa za rangi nne. Pale ukumbini, karibu na mlango wa jikoni, mama yake mwenye nyumba alikuwa na mkeka wake. Alikaa hapo asubuhi akichambua mchele, jioni akisikiliza redio. Mkeka ule niliuona kama doa kwenye mchoro wangu. Nikaukunja kwa mkono wangu mwenyewe nikaupeleka stoo, nikamwonyesha mama kochi: “Mama, sasa utakaa hapa kama malkia.” Alicheka kwa adabu. Watu wazima wa pwani wakicheka hivyo ujue umeshakosea.

Miezi mitatu baadaye nikarudi kumalizia mapazia ya chumba cha wageni. Nikapanda ngazi yangu kama kawaida. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, watu wote wapo. Kwenye kochi la L hakuna mtu, nailoni ingali pale pale. Mkeka umetoka stoo. Bibi yuko juu yake, wajukuu wako juu yake, baba mwenye nyumba ameegemea ukuta na kikombe cha chai sakafuni. Na televisheni, ile niliyoipimia urefu kwa sentimita ili itazamane na kochi, walikuwa wameivuta kwenye mkono wake mpaka mwisho na kuigeuzia ukumbini. Imetazama mkeka, imeligeuzia kochi kisogo.

Nilishuka. Bibi akanikaribisha chai, akaniambia kwa upole: “Mwanangu, kule kwako kuzuri, ila hakuna upepo.”

Kule kwangu! Nyumba ni yao, wamelipa wao, lakini sebule ilikuwa kwangu. Nikasimama pale kwenye mkeka kama dakika kumi hivi. Kweli upepo ulikuwepo, unaingia dirisha la ukumbini unatokea mlango wa uani. Sebuleni nilikuwa nimeweka mgongo wa kochi kwenye dirisha la pekee linalotazama kusini mashariki, na juu yake nikashusha pazia zito la tabaka mbili. Nilikuwa nimeuziba upepo wa kusi kwa pesa za mteja.

Tulirekebisha, hasara tukagawana nusu kwa nusu. Kochi la L liliuzwa. Chini ya dirisha nikajengesha baraza ya saruji, kimo sentimita 40, kina 60, ikawekwa godoro jembamba na mito ya kikoi. Sakafuni mkeka mpana wa ukindu wenye rangi. Dari sikuigusa; taa nne za rangi zipo mpaka leo na sijui kama kuna anayeziwasha. Bibi alihamia kwenye baraza wiki ya kwanza. Tangu siku hiyo, kabla sijatoa kalamu, nafunga kipande cha shia, kile kitambaa chepesi cha mapazia, kwenye kitasa cha kila mlango na kila dirisha, nakaa chini, naangalia vitambaa vinavyocheza. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi kusi inatoka kusini mashariki. Desemba hadi Machi, joto likiwa limekaza, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Nyumba ya Dar es Salaam isiyojua hayo mawili itaishi kwa feni.

Kisha nauliza swali langu, ambalo wateja wengine huliona la utovu wa adabu: jana saa mbili usiku, kila mtu wa nyumba hii alikuwa amekaa wapi?

“Binti yangu, mimi ni mzee wa Lamu, nimezaliwa katika nyumba ya mawe. Naona ninyi vijana mnabandika zidaka za jipsamu, vile vishubaka vya ukutani, kwenye nyumba za matofali, mnaziwekea taa za buluu. Mna habari zidaka zilikuwa za nini?” (Mzee, Lamu)

Shikamoo mzee wangu. Nakiri nimewahi kubandika zidaka za jipsamu, nyumba mbili. Za buluu hapana, Mungu shahidi.

Nilifika kwenu mara ya kwanza nikiwa nimeshafanya kazi miaka kadhaa, nikitokea Mombasa kwa basi na mashua. Mji Mkongwe wa Zanzibar nilikuwa naujua, umeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wa kwenu ukafuata 2001, kwa hiyo nilidhani nakwenda kuona kitu kilekile. Mwenyeji wangu akaniingiza nyumba moja ya zamani. Tukavuka daka, yaani baraza ya mlangoni, tukakata kona, tukatokea kwenye kiwanda, ndio ua wa ndani, chenye mwanga wa jua. Halafu msana wa chini, halafu msana wa juu, vile vyumba virefu vinavyofuatana, kila tunaposogea giza linaongezeka na sauti ya mtaa inapungua. Mwishoni kabisa, ndani, ndipo nilipouona ukuta wa zidaka. Chokaa iliyochongwa kwa kisu, vidirisha juu ya vidirisha, vya kuwekea vyombo vya kauri na vitu vya thamani.

Kilichonishika ni mahali ulipowekwa. Sisi tunapamba karibu na mlango. Kitu cha gharama kuliko vyote kiko mita mbili kutoka kizingitini, mgeni akiingia tu akipokee usoni. Wazee wenu walimpa mgeni daka na viti vya heshima, kisha ukuta ulio mzuri kuliko yote wakauweka ndani kabisa, wanapokaa wenyewe. Nilirudi Dar es Salaam na wazo hilo tu, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko zidaka zenyewe.

Kitu cha pili nilichojifunza kwenu ni boriti. Niliuliza kwa nini vyumba vyote ni virefu na vyembamba, nikidhani ni urembo. Fundi akanijibu huku akicheka kwamba boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua: haivuki vizuri zaidi ya mita tatu hivi, basi chumba nacho hakivuki. Mimi nilikuwa nachora sebule za mita sita kwa saba halafu nashangaa watu wanapotelea humo. Siku hizi sebule kubwa naikata kwa vitu, kabati fupi hapa, baraza pale, mpaka nipate kipande cha upana wa mita tatu ambacho watu wawili wanaweza kuzungumza bila kupaza sauti.

Kuhusu jipsamu, mzee wangu, nimekoma. Tofali la saruji si jiwe la matumbawe, lina mwili wake. Ila nami nina lawama kidogo, uniwie radhi: baadhi ya wenye nyumba huko kwenu na Zanzibar wanazipiga lipu ya saruji kuta za mawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, na baada ya masika mbili lipu inabambuka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Hilo nalo vijana hatukulianzisha.

“Ninyi wapambaji mnatudharau. Mama yangu alifuma vitambaa vya makochi kwa mkono, mdogo wangu kaviondoa kwa sababu kasoma mahali kwamba ni ushamba. Unasemaje?” (Msomaji mwenye hasira, Dodoma)

Hasira yako naipokea, kwa sababu na mimi nimewahi kusema hivyo hivyo, tena hadharani.

Vitambaa vile vilikuwa na kazi. Kichwa chenye mafuta ya nywele kikiegemea kochi kila siku kinaacha duara jeusi lisilotoka, na kochi halifuliki, kitambaa kinafulika. Kile cha mkononi ni kwa ajili ya jasho na mchuzi. Mama yako alikuwa analinda kitu cha gharama kwa uzi na sindano ya kufumia. Ni akili kubwa kuliko nailoni.

Tatizo, kama lipo, ni wingi. Kwenye kochi, kwenye stuli, juu ya televisheni, juu ya redio, juu ya friji, na juu ya kile cha friji kuna kikapu cha maua ya plastiki chenye kitambaa chake. Jicho halipati pa kutulia. Mwambie mdogo wako avirudishe kwenye makochi, palipo na kazi. Kile kikubwa cha mezani, chenye nakshi nyingi, afunge kwenye fremu juu ya kitambaa cheusi au cha buluu iliyokoza, atundike ukutani. Nimefanya hivyo na cha mama yangu. Kina kosa safu ya nne kutoka ukingoni, aliruka tundu moja akaendelea, na mimi kila nikipita macho yanaenda pale pale.

“Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ubunifu wa ndani. Darasani tunasikia majina ya Ulaya na Marekani tu. Wewe unawatazama nani?” (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Hayo ya Ulaya yasome, usiyaruke, mtihani una majina yake. Ila panda daladala uende Kariakoo ukalitazame soko. Mchoro ni wa Beda Amuli, msanifu wetu, na soko lilifunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza Julai 2021, nami nililia kama nimefiwa. Miaka yote niliyoshona mapazia nilikuwa napita chini ya paa lile bila kuinua kichwa. Siku moja mvua ikanikamata humo na mzigo wa vitambaa, sina pa kwenda, nikainua kichwa. Paa limekaa kama miavuli iliyopinduliwa, kila mmoja umesimama juu ya nguzo yake, na maji ya mvua yanakusanywa humo yateremkie kwenye matangi. Kati ya mwavuli na mwavuli hewa ya moto inatoka. Pilipili, samaki wakavu, watu, jasho, na bado unapumua! Nikajiambia huyu bwana amechukua mwavuli wa mchuuzi akaufanya jengo.

Mwingine ni msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, aliyepata Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo, mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kuipata. Shule yake ya kwanza, kule kijijini kwao Gando, ina paa la bati lililonyanyuliwa mbali na dari, hewa inapita katikati. Bati hilohilo tunalolilaumu sisi kwa joto. Wewe mwanafunzi, nyumbani kwenu bati na dari vimeachana kiasi gani? Kapime.

Na wa tatu hana tuzo: fundi seremala wangu wa Keko. Nilimpelekea mchoro wa meza yenye miguu myembamba kama ya korongo. Akautazama, akaukunja, akaniuliza, “Hii wataisogeza wangapi?” Yeye ndiye aliyenifundisha kugonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mbichi unajibu kwa sauti nzito iliyolala, mkavu unalia. Mbao mbichi ni ugonjwa wa samani za mji huu. Meza inatoka imenyooka, baada ya miezi minne imepinda na viungo vinacheka. Mwambie fundi akuonyeshe kiungo kabla hajakipiga gundi, ulimi na tundu vishikane vyenyewe. Akikimbilia misumari, kimbia na wewe. Mninga na mkongo mchwa hawavipendi. Msaji, yaani mtiki, wa shamba la miti la Longuza, kule Muheza kwetu, ni mzuri pia, uwe tu umekomaa. Zile mbao za kiwandani za unga uliogandamizwa kwa gundi usiziweke chini ya sinki. Zikilowa zinavimba kama andazi.

Halafu shika malighafi kwa mkono. Nilikulia Tanga nikiuona mkonge mashambani kama unavyouona mchicha, na sikuwahi kuufikiria ndani ya nyumba mpaka nilipokuta zulia lake kwenye duka la watu wa nje. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche elfu moja iliyotoka Florida, iliyofika hai ni 62. Mashamba yote yale yametokana na hiyo sitini na mbili! Zulia la mkonge linavumilia miguu miaka mingi, ila maji hapana, litaota madoa. Chini ya meza ya chakula yenye watoto usithubutu.

“Nimepanga chumba kimoja Mbagala, futi 10 kwa 12. Mwenye nyumba hataki msumari hata mmoja. Nina laki tatu. Anti, nifanyeje?” (Kijana, Mbagala)

Kwanza, kaa nazo hizo laki tatu mwezi mzima. Usicheke. Lala humo, pika, oga, uone unapokanyaga kila siku.

Kisha badilisha balbu. Najua mmezoea ile nyeupe ya kama duka la dawa. Kwenye boksi imeandikwa 6500K. Tafuta ya 3000K au 2700K, mwanga wake unaelekea njano. Ukiweza kununua balbu mbili weka moja chini, kwenye taa ya mezani nyuma ya kitanda, jioni uzime ya darini. Chumba hichohicho kitakuwa chumba kingine, na hujagusa ukuta.

Pesa kubwa weka kwenye godoro. Marafiki watakuambia televisheni. Marafiki hawatalala hapo. Kitanda kisogeze kona, kinyanyuliwe sentimita 35 hivi kutoka sakafuni, chini yake masanduku. Pazia litundike juu karibu na dari na lishuke mpaka chini, hata kama dirisha ni dogo, na kitambaa kiwe na upana mara mbili ya dirisha, vinginevyo linakaa kama shuka iliyoanikwa. Kwa kuwa msumari umekatazwa, kuna yale mabomba ya kujikaza kati ya kuta mbili. Dirisha likiwa ndani ya kina cha ukuta yanashika vizuri.

Zulia la manyoya acha. Vumbi la Mbagala na manyoya ni kesi. Nunua mkeka wa ukili uusimamishe ukutani mchana. Na kochi usinunue, nakuomba. Chumba cha futi 12 chenye kitanda na kochi mtu anatembea ubavu kama kaa. Njia ya kupita iache walau sentimita 75. Mgeni akija atakaa kitandani au mkekani, na asiyeweza kukaa mkekani kwako mtakutana kwa mama lishe.

“Niko Muscat mwaka wa kumi na moja. Nataka nyumba yangu inikumbushe Unguja bila kuwa makumbusho.” (Msomaji, Muscat)

Samani nzito usizisafirishe ovyo. Mbao iliyozoea unyevu wa Unguja ikiingia kwenye chumba cha kiyoyozi cha usiku na mchana inakauka haraka na kupasuka kwa urefu. Nimeona sanduku zuri la mtu limefunguka mfuniko kama mdomo. Ukileta, liache wiki kadhaa kwenye chumba kisicho na kiyoyozi kikali, na lisikae mbele ya tundu la hewa.

Mimi ningekuletea vitu viwili tu. Mkeka wa Pemba, utandikwe utumike mpaka uchakae, kisha uagize mwingine. Na mbuzi ya kukunia nazi, iwe jikoni, yenye unga wa nazi kwenye meno. Ukumbusho wa ukutani unazoeleka, baada ya mwaka huuoni tena. Unachokishika kila Ijumaa hakizoeleki hivyo.

“Rangi gani inafaa sebule?” (Wasomaji kumi na tisa)

Sijaiona sebule yenu. Nunueni kopo dogo, pigeni ukutani kipande cha futi mbili kwa mbili, tena kwenye kuta mbili tofauti, mkiangalie asubuhi, mchana na usiku taa ikiwa imewaka. Nikishurutishwa: nyeupe iliyotiwa tone la njano, kama tui la kwanza. Kijivu tumekichosha, na mimi ni mmoja wa waliokichosha.

“Na kwako pakoje? Tuambie ukweli.” (Msomaji, Arusha)

Ukweli. Naishi ghorofa ya pili, vyumba viwili, na mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mdogo wangu wa mwisho. Baraza ya dirishani ipo, si ya saruji kwa sababu nyumba si yangu. Ni sanduku la mninga lenye mfuniko, ndani kuna nguo za mvua, mipira miwili na cherehani ya shangazi. Meza ya bibi ya mvule niliipata, tulikokotana na binamu zangu kidogo lakini niliipata. Inatumika kwa hesabu za mtoto, ina alama ya duara la sufuria ambayo sitaisugua kwa msasa.

Ukuta mmoja niliupiga chokaa mwenyewe kujaribu, ukaacha unga kwenye kila bega lililouegemea, na nguo nyeusi nyumbani kwetu zina historia. Sebuleni kuna kiti kimoja cha mgeni, kizuri sana, nilikitengenezesha kwa mchoro wangu, na ukikikalia zaidi ya nusu saa kiuno kinakufa. Mwanangu anakitundikia begi la shule.

Kabati la jikoni halina mlango wa kushoto. Fundi wangu, huyohuyo niliyemsifu hapo juu, ameniambia anakuja Jumamosi. Hii ni Jumamosi ya nne.